Tangi Lilipewa Likizo Kwanza

Ovaroli za Nelius huzishona mimi, na huzishona dirisha likiwa wazi. Sisemi hivyo kumcheka. Nguo ile hufuliwa kwa sabuni ya mche, ikaanikwa juani mchana kutwa, na bado ikifika kwenye cherehani yangu wateja huanza kukagua soli za viatu vyao. Mwenyewe haisikii tena harufu hiyo. Husema pua yake iliacha kazi zamani, sasa imebaki kushikilia miwani tu.

Yeye hufanya kazi nyuma ya soko la Karurumo, hapa kwetu Embu, kwenye lile tangi la saruji lililofukiwa nusu ardhini, lenye kifuniko cheusi kilichovimba. Ndani ya tangi mna vijidudu, wadogo hata jicho haliwaoni, na kazi yao ni kula kila kinachooza hapa kwetu: majani ya kabeji, maembe yaliyopondeka kutoka Mbeere, maganda ya ndizi, samadi, na yale yanayotolewa matumboni pale kichinjioni. Wakishakula hutoa gesi, nayo hupita kwenye bomba hadi jikoni kwa shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya barabara. Kinachobaki ni maji meusi mazito ambayo wakulima huja kuchukua kwa mitungi wakamwagie kahawa na migomba. Kazi ya Nelius ni kuwalisha vijidudu hao.

Watu wakisikia kazi ya sayansi hufikiria koti jeupe na chumba chenye vioo. Waje wamwone Nelius asubuhi, gambuti miguuni, panga mkononi, akikatakata vigogo vya migomba kwa sababu mashine ya kusaga imeharibika tena. Vijidudu hupata kifungua kinywa kabla yake. Taka zikatwe ndogo ndogo, zichanganywe na samadi na maji ya vuguvugu, zikorogwe kwa mti mrefu, kisha ziteremshwe taratibu. Machungwa yakizidi, tumbo la tangi linachafuka. Maji ya sabuni kutoka hotelini yakiingia, wanakufa. Wasipolishwa, gesi inapungua na mpishi wa shule anavuka barabara mwiko ukiwa mkononi.

Tena vijidudu hawajui Jumapili. Hawajui Krismasi, hawajui matanga, hawajui mvua. Kwa miaka mingi Nelius amekuwa akiingia kanisani mahubiri yakiwa yameisha, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango kwa ajili ya harufu, na anasinzia. Kazi yangu mimi ilikuwa kumfinya wakati wa sadaka. Nilimwambia apumzike mpaka nikachoka kuyasikia maneno yangu mwenyewe.

"Nikipumzika, Cicily, nani atawalisha?" alikuwa akiniuliza.

"Na wewe nani anakulisha?"

Hapo hucheka kidogo, akasugua bega. Ni mjane, na mtoto wake ni mmoja tu, Maxine, aliyeolewa upande wa Meru, kule Mitunguu, na kijana mkulima wa ndizi aitwaye Murithi. Kwetu binti akijifungua, mama yake huenda kumtunza. Anampikia ucuru, ule uji uliochachushwa, anamkanda kwa maji moto, anamshika mtoto ili mzazi alale. Si jambo la kuandikiwa barua ya mwaliko. Maxine alipojifungua mara ya kwanza, Nelius alifika mchana na kuondoka kabla chai ya jioni haijaiva, kwa sababu ya tangi. Aliyemkanda Maxine ni mama mkwe. Mtoto akaitwa Gatwiri, akakua, akajifunza kuongea, na bibi yake wa Embu akawa sauti kwenye simu.

Maxine hakugombana naye. Afadhali angegombana. Akawa anapiga simu siku za sikukuu tu na kuuliza habari za afya kama mtu wa benki.

Basi alipopata mimba ya pili, alipiga simu Nelius akiwa dukani kwangu, na mimi nikasikia kila neno kwa sababu simu ya Nelius huongea kama redio.

"Mum, hii time uje. Si ile ya kuja asubuhi na kurudi. Uje ukae."

"Nitakaa mwezi mzima," Nelius akasema.

"Mum."

"Mwezi mzima, Maxine. Cicily ni shahidi, yuko hapa."

Akakata simu. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mara hii asipokwenda hakutakuwa na mara nyingine ya kuombwa.

Kampuni yenye tangi ilimkubalia likizo kwa sharti moja, awepo mtu wa kulisha tangi. Akapatikana Kivuti, aliyekuwa akipakua taka kutoka kwenye mikokoteni hapo hapo. Kivuti ni baba wa watoto, mtu mpole, mwenye nguvu, aliyelelewa vizuri mno, na kulelewa huko ndiko kulikotuponza. Nelius alimfundisha kukata, kuchanganya, kukoroga. Wiki ile ya mwisho kabla ya safari alimwachia kazi yote ili abaki nyumbani ajiandae. Akasaga mtama wa uji, akafua shuka, akanunua beseni jipya. Mimi nikawa nashona nguo za mtoto kwa flana laini.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Kwenye mabanda ya ng'ombe matope yalifika vifundoni, na ugonjwa wa kiwele ukaanza kupita boma hadi boma. Daktari wa mifugo alizunguka akidunga sindano. Ng'ombe akishadungwa, maziwa yake hayapokelewi kule yanakokusanywa wala hayanywewi nyumbani mpaka dawa imtoke mwilini. Mkulima huambiwa ayamwage. Haya, sasa nenda ukamwambie mama wa hapa amwage maziwa. Sisi tulikua tukichapwa kwa kumwaga kikombe. Ndama akishiba tunamwita paka, paka akishiba tunamwita paka wa jirani, lakini maziwa mtu hayamwagi chini akiyatazama.

Mama Mutegi, mkubwa wa akina mama kanisani kwetu, alisimama uani na ndoo yake imejaa na roho ikakataa. Ndipo akakumbuka vijidudu vya Nelius, ambavyo hula kila kitu. Akaifunika ndoo kwa kitambaa safi, akampelekea Kivuti. Na Kivuti akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamimina tangini. Angemkataliaje mama wa watu aliyembebea maziwa? Kesho yake Mama Mutegi akawaambia wenzake kwa furaha kwamba amepata mahali ambapo maziwa hayaharibiki bure. Katikati ya wiki ndoo zilikuwa zimepanga foleni.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya. Wote walikuwa wakifanya jambo jema, na hilo ndilo linalonikasirisha mpaka leo, maana sina wa kumgombeza. Dawa ile ile inayoua ugonjwa kwenye kiwele cha ng'ombe huua vijidudu tangini. Na kama dawa haikutosha, maziwa yenyewe yaliganda na kuchacha humo ndani.

Aliyegundua kwanza ni mpishi wa shule, moto ulipomzimikia chini ya sufuria la githeri. Alipokwenda kumwita Nelius, mimi nilikuwa nyumbani kwake nikimpimia flana juu ya mdoli. Tukatoka sote. Hata mimi nisiyejua kitu niliisikia harufu ile. Haikuwa ile ya siku zote. Ilikuwa kali, ya uchachu, ya kukuchoma machoni. Nelius alifungua mfuniko wa kuingizia taka, akanusa kwa ile pua anayodai imekufa, akakaa chini kwenye matope na gauni lake la nyumbani.

Adrian alifika mchana. Huyu ndiye mtaalamu wa kampuni, amesomea vijidudu chuo kikuu, ana matangi mengi ya kuzungukia na macho yake huwa mekundu kwa vumbi na kukosa usingizi. Alichota kidogo, akapima na kile kichombo chake, akapima tena.

"Hii imekuwa acidic kabisa," akasema. "Nani ameweka nini?"

Kivuti akaeleza. Alianza akiwa na fahari ya mtu aliyepokea wageni vizuri, na kadiri alivyoendelea sauti ikazidi kushuka. Adrian hakupiga kelele. Alijikalia juu ya pipa, akashika kichwa.

"Msilishe tena," akasema baadaye. "Tutie chokaa, tuache tangi lipumzike hadi hiyo dawa iishe nguvu. Halafu tutafute tope hai ya kuanzishia upya."

"Lipumzike?" nikauliza.

"Ndio, Auntie. Likilishwa sasa litakufa kabisa. Linahitaji rest."

Nikacheka, na kicheko changu hakikuwa kizuri. Miaka yote hiyo Nelius hajapumzika hata Ijumaa Kuu, na tangi limeumwa tumbo wiki moja tu likapewa likizo kabla yake.

Adrian alimgeukia. "Auntie Nelius, najua ulikuwa uende kwa msichana wako. Siwezi kukulazimisha. Ninakuomba tu. Kivuti bado hajawahi kuona tangi likiugua."

Nelius alitazama kifuniko cheusi, kilichokuwa kimelegea kama tumbo la mzee. Alikwenda nyumbani akavaa ovaroli.

Mtoto alizaliwa wiki hiyo hiyo, msichana. Habari zilimkuta kwa simu akikoroga chokaa, uso mweupe kwa unga wake.

"Uko wapi, Mum?"

"Niko tangini."

Mimi nilikuwa nimempelekea chai.

"Sawa, Mum," Maxine akasema, akakata.

Nelius aliendelea kukoroga. Nilitaka kumnyang'anya ule mti niutupe ng'ambo ya ua. Nilimwambia aende, aende leo, tangi life likitaka. Akanijibu kwamba akienda likafa, wanafunzi watarudishiwa moshi wa kuni, Kivuti atafutwa, na kila mtu atasema Nelius aliliacha likafa. Niliona kwamba amechoka kiasi cha kutoweza hata kunikasirikia.

Siku ya kutafuta tope hai, lile lenye vijidudu wazima, ilipofika, Adrian alisema tangi zima lililo karibu zaidi ni la wakulima wa ndizi, huko Mitunguu. Lenyewe lilikuwa limeanzishwa kwa tope la hapa kwetu. Nelius akasema atakwenda kulichota mwenyewe, kwa sababu Kivuti asingejua kutofautisha tope la juu na la chini. Pikapu ilikuwa ya kampuni, Kivuti ndiye dereva. Mimi sikualikwa. Nilipanda na kifurushi cha nguo za mtoto na unga wa uji, na hakuna aliyethubutu kuniambia nishuke.

Tulipita Chuka, tukapita Nkubu, kisha tukaanza kushuka kuelekea kwenye joto. Kule chini ni migomba na mifereji tu, maji yanakimbia kando ya mashamba na watu wanakata ndizi. Nelius aliteremka hadi kwenye tangi lao akachota, akanusa, akamwaga, akachota tena kutoka chini zaidi. Tukajaza mapipa na kuyafunika kwa magunia, kwa sababu tope hilo linatakiwa lifike likiwa na joto na limwagwe siku hiyo hiyo.

"Tupitie kwa Maxine," nikasema.

"Tupitie kidogo tu," akasema Nelius. "Nimwone tu."

Nyumba ya Murithi iko katikati ya migomba. Maxine alikuwa mlangoni, mwembamba, nywele hazijasukwa, mtoto begani. Nelius alisimama mbali.

"Ingia, Mum."

"Nanuka."

"Mimi nimezaa juzi, maziwa yanavuja, sijaoga vizuri. Pia mimi nanuka. Ingia."

Murithi alimletea mkwewe maji moto kwa beseni nyuma ya nyumba, akaondoka kwa heshima. Nelius akaoga, akavaa gauni la Maxine, ovaroli tukaitundika kwenye ua. Alipoingia, msichana mdogo alijificha nyuma ya kiti.

"Gatwiri, njoo usalimie cucu, bibi yako," Murithi akamwambia.

"Si huyu," mtoto akasema. "Cucu ako kwa simu."

Maxine akamwekea mama yake mtoto mchanga mikononi.

"Anaitwa Wambeti," akasema.

Hilo ndilo jina la Nelius mwenyewe, la nyumbani kwao, ambalo hakuna aliyemwita tangu mama yake afariki. Alikaa kwenye kochi akimtazama yule mtoto kana kwamba ameambiwa amlinde na hajui anamlinda na nini. Nje Kivuti alipiga honi, kidogo, kwa adabu.

"Mum," Maxine akasema. Hakupandisha sauti. "Ukienda leo sitalia. Nimeshazoea. Lakini usiniambie tena unakuja. Hao vijidudu wako huwa unawapa kila siku, hata siku ya baba kuzikwa ulianzia huko. Mimi nilikuwa nakuomba mwezi mmoja."

Nelius akafungua mdomo kumjibu. Akasema, "Maxine, mimi..." na macho yakafumba, kichwa kikaegemea kochi, mikono ikiwa bado imemzunguka mtoto. Alikuwa amelala. Sijawahi kuona mtu akilala katikati ya sentensi yake mwenyewe. Maxine alimtazama kwa muda, hasira yote ikamwisha usoni, akaenda kuleta shuka.

Mimi nikatoka nje.

"Twende," nikamwambia Kivuti.

"Na Mama Maxine?"

"Amelala."

"Na hii tope? Cicily, mimi sijawahi kuanzisha tangi."

"Adrian anakungoja huko. Tope liko nyuma yako. Endesha."

Aliendesha akiomba Mungu kwa Kiembu njia nzima. Tulifika, Adrian akamwongoza Kivuti, naye akalimimina taratibu, akafunika. Nelius aliamka huko Mitunguu na kukuta pikapu imeondoka. Alinipigia simu akanitukana. Nimemjua tangu tukiwa wasichana na sikujua ana matusi mengi hivyo. Nilimsikiliza hadi akaishiwa na pumzi, ndipo nikamwambia amsalimie Wambeti.

Siku za kwanza alipiga simu asubuhi na jioni. Lina joto? Mapovu yanaonekana? Kivuti amekata vigogo vidogo? Nikawa nampa Kivuti simu. Baadaye akawa anapiga jioni tu. Kisha nikawa mimi ndiye ninayepiga, na Maxine anapokea na kunong'ona kwamba mama amelala na watoto wote wawili. Tangi nalo likawa linapata nafuu polepole. Kifuniko kikaanza kunyanyuka. Moto wa jikoni ulikuwa wa manjano kwanza, unayumba, unazimika, na siku moja ukakaa, bluu, na mpishi akaivisha maharagwe bila kutukana mtu.

Nelius alirudi mwezi ulipoisha. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Alipita moja kwa moja hadi kwenye tangi, mkoba ukiwa bado begani, na alikuta Kivuti ameshalisha, amefagia, ameketi anakunywa chai. Kwenye uzio palikuwa na kibao kipya kilichokataza maziwa, herufi kubwa. Aliweka mkono juu ya kifuniko. Kilikuwa kimejaa, kigumu, kizima.

"Jumapili nani alikuwa analisha?" akauliza.

"Ni mimi."

"Unaenda kanisani saa ngapi?"

"Nalisha Jumamosi jioni kidogo zaidi, halafu Jumapili nakuja mchana," Kivuti akasema. "Adrian alisema wanaweza kungoja. Alisema hata siku mbili hawasikii kitu."

"Hata siku mbili."

"Eeh. Alisema wakishakomaa ni wavumilivu. Hukuwahi kumuuliza?"

Alikuja dukani kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilisimamisha cherehani. Nilidhani ataniambia habari za mtoto, jinsi anavyonyonya, anafanana na nani, na nilikuwa nimejiandaa kucheka. Alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili.

"Gatwiri alikataa kuja kwangu wiki mbili," akasema. "Nilikuwa nikimfungulia mikono, anamkimbilia mama wa Murithi. Nikawa najiambia, si kitu, Nelius, ulikuwa na kazi ambayo isingeweza kungoja."

Nikamwambia mtoto atamzoea.

"Walikuwa wanaweza kungoja, Cicily," akasema. "Hakuna aliyenikataza. Sikuuliza tu. Yule mtoto nilimkosa bure."

Akalia hapo mbele ya wateja.